Asiye na Chombo

Mume wangu anasifika kwa kuingiza vitu mahali visipoingia. Watu wa bendi wanamwita Fundi Chaki, kwa sababu kabla mpigaji yeyote hajakanyaga jukwaa yeye hutangulia na chaki na tepu ya kupimia, akapiga magoti, akachora sakafuni duara la kila chombo: hapa dramu, hapa kinanda, hapa tumba, na vistari vya kuonyesha nyaya zipite wapi. Asiyemjua akimkuta katika hali hiyo atadhani anaomba. Mimi ninayemjua nasema laiti angekuwa anaomba.

"Jukwaa dogo halipo," hupenda kusema akijipangusa magoti. "Kuna akili ndogo tu."

Maneno hayo ningeyaamini zaidi kama nisingekuwa naishi na msemaji. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na kimoja ni cha bendi. Mgeni akija hukaribishwa juu ya boksi la amplifaya, na akiinuka hupewa pole. Nilipoolewa nilikuja na kabati la nguo nililoachiwa na marehemu shangazi. Bwana harusi alilipokea mlangoni na tepu mkononi, akalipima mapana na marefu, akasikitika. Lilizidi inchi mbili, likarudi kwa ndugu zangu. Mimi, kwa bahati nzuri, nilipita.

Kati ya mali zote zilizomo humo ndani, anayeheshimiwa kupita wote ni Bwana Mkubwa. Ni spika ya besi, boksi jeusi linalonifika kifuani, na ana pacha wake. Mmoja hukaa kulia kwa jukwaa na mwingine kushoto. Tatizo ni kwamba miaka miwili iliyopita Bwana Mkubwa alinyeshewa mvua akafa. Viungo vyake vilivyosalia vikahamishiwa kwa pacha, na ndani ya tumbo lake mume wangu akaanza kuweka nyaya za akiba, koti la mvua na viatu vya kazi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La kwetu liliacha, tena kabisa. Hata hivyo kila tuendako marehemu hubebwa na wanaume wanne, huchorewa duara, hupangwa mbele, na kiongozi wa bendi humtazama kwa macho ya upendo.

"Bendi ni macho kwanza," husema kiongozi. "Masikio baadaye."

Kiongozi huyo ndiye mpiga gita la solo na ndiye mwimbaji, na anahitaji futi tatu nyuma yake kwa ajili ya kujipinda wimbo unapokolea. Fundi Chaki anazijua futi hizo kwa moyo. Anajua pia mpiga dramu ananyanyua kiwiko cha kushoto juu kuliko cha kulia, na kwamba tumbo la mpiga saksafoni linaongezeka inchi moja kila mwaka. Amplifaya zinataka hewa nyuma, nazo hupewa hewa. Kwa kweli ni mtu mwenye huruma nyingi.

Na mimi? Mimi ni mwitikiaji. Kiongozi akiimba mstari wake, mimi naupokea. Wimbo mmoja unaweza kuwa na maneno yake hamsini na yangu sita, lakini watu wakirudi makwao huwa wanaimba yale sita. Miaka kumi na miwili nimefanya kazi hiyo na sikuwahi kuona duara langu, wala sikuwahi kuuliza. Niliingia palipobaki. Mara kati ya dramu na ukuta, mara nyuma ya tumba, na siku moja mlangoni kabisa, nikiitikia huku nawapisha wahudumu na trei zao.

Mama yangu hakuwahi kuniona kazini. Anaishi mbali, safari ya kutwa nzima, na kumbi tunazopiga usiku si mahali pa mama wa rika lake. Tukiwa kazini simu yangu hukaa mfukoni mwa mume wangu, kwa hiyo mama akipiga, mkwewe ndiye hupokea, naye humjibu kwa adabu zote: "Shikamoo, mama. Hayupo karibu. Yuko kwenye vyombo." Nikimpigia kesho yake, swali la kwanza ni lile lile.

"Bado uko kwenye vyombo, mwanangu?"

"Bado, mama."

Basi ataguna. Guno refu, la mtu aliyepewa habari ya msiba wa jirani. Mimi nililielewa guno hilo vizuri sana, au ndivyo nilivyojiona: mama haupendi muziki, anaona mwanawe amepotea. Kila mwaka hakosi kunitumia kopo la mafuta ya mikono, na mwaka juzi aliongeza glovu za mpira, jozi sita. Nikasema mama anazeeka, nikashukuru.

Halafu mwuguzi mkuu wa ile hospitali ambayo mama alifulia mashuka kwa miaka thelathini akastaafu. Watoto wake wanakaa mji huu wetu, wakamwandalia sherehe ya alasiri, wakakodi bendi yetu. Na yeye mwenyewe akasema hatakaa meza ya mbele bila yule mama wa dobi aliyekuwa akimnyooshea koti jeupe. Kwa hiyo mama yangu anapanda basi la usiku, anakuja mchana kweupe, kwenye ukumbi wa heshima, atakaa kwenye kiti na kunitazama. Siku tatu sikulala vizuri. Nilikuwa nataka jambo moja tu: mama anione ninaimba, hata wimbo mmoja, aache kunigunia.

Kwenye simu msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mkavu mwenye kufanya kila jibu liwe la mwisho, alimhakikishia mume wangu kuwa jukwaa ni kubwa. "Juzi limebeba kwaya ya watu arobaini," alisema. Tulipofika saa tano asubuhi na mitambo yetu, tukakuta picha ya kwaya hiyo imebandikwa ukutani. Walikuwa arobaini kweli. Wa shule ya chekechea.

Jukwaa lenyewe lilikuwa na futi kumi na mbili kwa nane, limeinuka futi mbili kutoka chini, na kwenye kona moja kulikuwa na nguzo ambayo hakuna aliyeona haja ya kuitaja. Kiongozi aliiangalia nguzo. Nguzo haikujali. Mpiga kinanda akasema tupige kwa zamu. Mume wangu peke yake ndiye aliyefurahi. Alivua viatu, akamfungulia Bwana Mkubwa mgongo akaviweka humo, akatoa chaki.

Sitamnyima haki yake. Kumtazama akipanga ni raha. Alizungusha dramu ikaipa nguzo mgongo, akambana mpiga besi ubavuni mwa dramu mpaka wakawa mtu na pacha wake, akasimamisha kinanda upande upande ili mpigaji aangalie mlango badala ya watu. Saksafoni ilipewa ukingo, tumbo nje. Zile futi tatu za kiongozi za kujipinda zilikatwa zikabaki mbili, na hapo palikuwa na maombolezo. Meza ya kuchanganyia sauti, ambayo ni ya mume wangu mwenyewe, ilishushwa chini karibu na choo. Baada ya saa nzima alisimama katikati ya madoa yake meupe kama mtu aliyemaliza kujenga daraja.

"Imeingia," akasema. "Yote. Mnaona? Haijabaki hata inchi nne."

Nilihesabu. Maduara saba ya wapigaji, na mawili ya spika. Nikahesabu tena, kwa kidole.

"Mimi nasimama wapi?"

Akaangalia jukwaa, akaangalia karatasi yake. Alikunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambalo halikuwa kwenye kitabu.

"Wewe si huna chombo," akasema.

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa ananieleza tu. Alichukua karatasi akanionyesha, pole pole, kama anayemfundisha mtoto: yeye huandika vyombo vyote kwanza, kila chombo na duara lake, kisha mwenye chombo hufuata chombo chake. Asiye na chombo hupata nafasi inayobaki. Siku zote ilikuwa inabaki. Leo haikubaki.

"Leo mpumzike kidogo shemeji," kiongozi akadakia, akinipa wingi wa heshima ili nisione ninachonyang'anywa. "Nitaimba mwenyewe na kuitikia mwenyewe. Watu hawatajua."

"Mama yangu anakuja," nikamwambia mume wangu.

"Najua. Itakuwa vizuri, utakaa naye."

Nilikuwa bado natafuta neno la kumrushia, zito la kutosha, ndipo msimamizi wa ukumbi akaja na rundo la funguo shingoni.

"Kuna bibi mmoja jikoni," akasema. "Amefika mapema, akauliza watu wa vyombo wako wapi, tukampeleka. Sasa ameshika sinki hataki kuachia. Wahudumu wangu wamekaa tu. Ni wa kwenu?"

Nilikimbia. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, lile la kijani, na juu yake amefunga aproni ya watu. Mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko. Upande mmoja wa sinki sahani zilikuwa zimesimama safi zikichuruzika, mamia, kwa mpangilio wa mtu aliyepanga mashuka maisha yake yote. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Umechelewa, mwanangu! Nimeshapunguza. Nimeona sahani za leo ni nyingi mno, zina vumbi la stoo, nikasema niwahi nikusaidie, ili wageni wakifika upate hata nusu saa ya kukaa na mama yako."

Nikaitazama mikono yake kwenye povu. Mafuta ya mikono. Glovu jozi sita. Miaka kumi na miwili ya yuko kwenye vyombo.

"Mama," nikasema, "kwani unajua mimi nafanya kazi gani?"

"Si vyombo?" Akashusha sauti kwa ajili ya wahudumu. "Usione haya. Kazi ni kazi. Mimi nimefua mashuka yenye damu na sikumwonea mtu haya. Ila nilifua ili wewe usifue. Ni hilo tu linaloniuma, basi. Nikisikia bado uko kwenye vyombo vya wapiga magita, naguna. Mungu anisamehe."

Mama yangu hakuwahi kuuchukia muziki. Alikuwa akinilia kwa miaka kumi na miwili kwa ajili ya sahani ambazo sikuwahi kuziosha, na mimi nilikuwa nikimwona mshamba. Neno lilikuja mpaka ulimini: mama, mimi naimba. Nikalimeza. Ningemwambia hivyo, angekwenda kukaa kwenye kiti chake, angetazama jukwaani, na angeona wanaume saba na spika mbili. Angedhani mwanawe ameona aibu ya sinki mpaka akamdanganya mzazi. Hilo lingemuua.

"Futa mikono, mama," nikasema. "Wageni wakianza kuingia, nenda ukakae mbele. Viti vya mbele kabisa. Mimi nakuja."

"Na hizi zilizobaki?"

"Zina wenyewe."

Niliporudi ukumbini hasira zilikuwa zimenipanda mpaka zimepitiliza, nikawa mtulivu. Nilipanda jukwaani nikikanyaga maduara bila kuchagua, nikasimama mbele ya Bwana Mkubwa.

"Huyu atoke."

Kiongozi alishika kifua. "Shemeji! Jukwaa la spika moja? Watu watatuonaje?"

"Kama wanavyotusikia."

"Itakuwa imeegemea upande mmoja," mume wangu akasema, kwa sauti ya kitaalamu.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa amesimama pale chini, masikio yote yamefunguka. Nikamgeukia kwa heshima kubwa. "Mama, samahani. Hivi ukikodi bendi yenye spika mbili, ungependa kujua ndani ya moja yake mna nini?"

Mpiga besi alianza kukaza nyuzi ambazo zilikuwa zimekaza tangu asubuhi. Kiongozi akanitazama kwa macho ya kuniomba nisahau kwamba nina kinywa, na mimi nikamtazama mume wangu, kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa na neno naye.

"Hii ina viatu vyako," nikamwambia, sasa kwa sauti ya chini, yake na yangu. "Imekufa miaka miwili. Haiimbi, haiitikii, haina hata panya ndani yake. Na imepata duara. Mimi niko hai, nimekupikia asubuhi, nimebeba nyaya zako, na sauti yangu ndiyo watu wanaondoka nayo. Mama yangu nimemkuta jikoni anaosha sahani mia mbili kwa sababu wewe kila siku humwambia niko kwenye vyombo. Anajua mimi ni mwosha vyombo wa bendi yako. Miaka kumi na miwili."

Nilimwona akiirudia ile sentensi yake kichwani, shikamoo mama, yuko kwenye vyombo, na nikaona ilipomchoma. Mume wangu si mwepesi wa maneno. Alipiga magoti mbele ya Bwana Mkubwa, akaweka kiganja sakafuni, akalifuta lile duara mpaka mkono ukawa mweupe.

Kumtoa kabisa ikashindikana, maana kiongozi alikuwa karibu kulia, na kwa kweli hapakuwa na pa kumpeleka. Ni Fundi Chaki aliyeona. Alimpima Bwana Mkubwa kimo, akampima unene, akaupima urefu wa jukwaa kutoka chini. Kisha akawaita wanaume wanne, wakamshusha, wakamlaza chali mbele ya jukwaa, akagusana nalo kingo kwa kingo. Tofauti yao ilikuwa nusu inchi. Wakamfunika kwa kitambaa cheusi, na marehemu akawa kipande cha jukwaa, mbele ya kila mtu, karibu na viti vya mbele kuliko hata kiongozi. Msimamizi wa ukumbi akasema, kwa jibu lake la mwisho, kwamba hivyo ndivyo alivyotegemea tangu mwanzo.

"Panda," mume wangu akaniambia.

Nikapanda. Boksi halikutikisika. Alikuwa chini, tepu mkononi, akinitazama kwa namna ambayo sikuizoea, akinipima.

"Unayumba kiasi gani ukiimba?"

"Hujui?"

"Mimi huwa natazama taa za mitambo," akasema. Akaona haya, nikaona akiona haya. "Imba kidogo. Imba nione."

Nikaimba maneno yangu sita, ukumbi ukiwa na viti vitupu na wahudumu wawili. Alisogeza tepu huku na huku, akitafuta kiwiko changu, bega langu, mguu unaotangulia. Kisha akachora juu ya kitambaa cheusi, polepole, duara zuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Futi tatu na inchi mbili. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na nilimpenda, vyote viwili kwa wakati mmoja, na nikaona ni usumbufu mtupu.

Wageni wakaja. Mwuguzi mkuu akakaa, mama akakaa kando yake, mgongo wima, mkoba magotini, na macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye mlango wa jikoni, yanarudi, yanakwenda tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia pamoja na wengine. Tulipotoka, wapigaji walijipenyeza kila mmoja kwenye duara lake kama watu wanaoingia kwenye nguo zilizobana. Mimi nikatembea mpaka mbele, nikasimama juu ya Bwana Mkubwa. Mama alinitazama mara moja, akatazama tena mlango wa jikoni. Bado alikuwa ananitafuta huko.

Kiongozi akaanza, akajipinda futi zake mbili, na nikapokea.

Sijui kueleza uso wa mama. Najua tu kwamba hakutazama tena jikoni. Alishika mkono wa mwuguzi mkuu, mtu mkubwa yule, akaubana kama wa mtoto mwenzake, na wimbo mzima hakuuachia. Wimbo wa pili akasimama. Wa tatu mwuguzi mkuu akasimama naye, na basi ukumbi mzima ukalazimika, kwa sababu mwenye sherehe akisimama wewe nani ukae. Kiongozi aliinamisha kichwa kupokea heshima hizo zote. Nikamwachia.

Tulipopumzika mama alikuja mpaka ukingoni mwa boksi. Kwa kuwa nilikuwa juu na yeye chini, ilibidi nichuchumae. Povu lilikuwa limemkaukia kwenye vinyweleo vya mkono.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuambia, mama. Kila siku..."

Nilizipitia simu zote kichwani, moja moja, nikitafuta siku niliyolisema. Bado uko kwenye vyombo? Bado, mama. Sikuipata. Mume wangu hakuniandika kwenye karatasi yake, ni kweli, na nitamkumbusha mpaka tuzeeke. Lakini kinywa cha kumwambia mama kilikuwa changu, na kwa miaka kumi na miwili kilisema vyombo.

"Ninaimba, mama," nikasema. Lilitoka kwa shida, kama neno la lugha ya watu wengine.

"Nimesikia," akasema mama. "Sema tena."